Mkanda wenye herufi na mkanda wenye namba ndefu: historia fupi kutoka Khwisero

Najua wengi wenu huja hapa kusoma mambo ya programu na kompyuta, lakini leo nawaomba tukae kidogo na kitu cha mpira. Nataka tuzungumze juu ya mkanda, ule unaopeleka nguvu ya injini kutoka puli moja hadi nyingine. Msicheke. Nikimaliza mtaona kwamba ni habari ile ile tunayozungumza hapa kila mara, ya vitu vilivyo huria na vitu vilivyofungwa, ila safari hii ina harufu ya dizeli.

Swali langu ni hili. Kwetu Khwisero, huku Kakamega, mkanda wa mashine ya kusaga unga ukikatika asubuhi, jioni watu wanasaga. Mashine yenyewe inaweza kuwa na umri mkubwa kuliko mwenye kuiendesha. Lakini gari jipya la kupita njia mbaya, lile dogo la wazi linaloendeshwa kwa mkanda, likikatikiwa na mkanda wake laweza kulala miezi. Kwa nini? Mikanda yote miwili ni raba na nyuzi, na yote miwili hukaa ndani ya puli. Jibu liko katika historia.

Tuanze mbali kidogo. Katika viwanda vya karne ya 19 huko Ulaya na Marekani, injini moja kubwa ya mvuke ilizungusha mhimili mrefu uliopita juu darini, na kutoka kwenye mhimili huo mikanda bapa ya ngozi ilishuka hadi kwenye kila mashine. Mkanda bapa ulikuwa na tabu zake. Ili usiteleze ulitakiwa kukazwa sana, na ukikazwa sana unakula beringi. Ngozi nayo hunyooka ikilowa na kukauka.

Mtambo ulifika kwetu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Wamisionari wa Quaker walianzisha kituo chao Kaimosi mwaka 1902, na kabla ya muda mrefu walikuwa na kiwanda cha kupasua mbao kikiendeshwa kwa nguvu za mto. Katika miaka ya 1920 na 1930, eneo lililoitwa North Kavirondo wakati huo lilikuwa na vinu vya maji vya kusaga mahindi, na vingine vilimilikiwa na Waafrika wenyewe. Tawi la reli kutoka Kisumu lilifika Butere mwaka 1930, kwa hiyo mzigo mzito kama injini ungeweza kushushwa karibu na Khwisero. Mwaka 1931 dhahabu ikagunduliwa Kakamega, wachimbaji wakamiminika, na mitambo ya kuponda mawe ikaja nyuma yao. Jambo la kukumbuka ni kwamba watu wa huku wamezoea puli na mhimili kwa vizazi kadhaa. Hawakungoja mtu aje kuwafundisha mashine ni nini.

Sasa twende Denver, Marekani, mwaka 1917. Charles Gates alikuwa amenunua kampuni ndogo ya vifaa vya ngozi vya magari mwaka 1911. Ndugu yake, John, akatengeneza mkanda wa raba na nyuzi wenye umbo la herufi V, ukichukua nafasi ya kamba zilizokuwa zikizungusha feni za magari. Umbo hilo ndilo lenye siri. Mkanda bapa hushika puli kwa uso wa chini tu. Mkanda wa V hukaa ndani ya mfereji na kubana kuta zake mbili kama kabari inavyobana gogo, na kadiri unavyovutwa ndivyo unavyozidi kuingia na kubana. Kwa mkanda wa kawaida, wenye pembe ya nyuzi 40 hivi, kuta za mfereji hubanwa kwa nguvu inayokaribia mara 3 ya ile ambayo mkanda bapa ungebana nayo kwa mkazo ule ule. Mkanda unashika zaidi, beringi zinaumia kidogo.

Lakini nadhani kilichomsaidia mtu wa Khwisero zaidi ni alfabeti. Katika miongo iliyofuata, watengenezaji walikubaliana juu ya vipimo. Mkanda wa A una upana wa milimita 13 juu na kina cha milimita 8. Wa B ni 17 kwa 11. Wa C ni 22 kwa 14. Baada ya herufi hufuata urefu, na kwa mtindo wa zamani unaotumika bado madukani kwetu, urefu huo ni inchi. Ukiona B68, ujue ni mkanda wa upana wa B wenye inchi 68 kwa ndani. Basi. Haijalishi nani aliutengeneza, haijalishi mashine ilitoka Uingereza, India au China. Puli yenye mfereji wa B hupokea mkanda wa B wa mtu yeyote.

Kwa sisi wa programu, hiki ndicho tunachokiita kiwango huria. Ni kama ile tundu ya USB: hauulizi kipanya kimetoka kiwanda gani, unachomeka tu. Herufi ile imeandikwa mgongoni mwa mkanda, wazi, na mtu yeyote mwenye kusoma anaweza kuinakili kwenye kipande cha karatasi na kumpa kijana wa bodaboda aende nayo Luanda sokoni.

Tazameni ilivyofanya kazi kwenye posho mili. Injini nyingi za zamani za kusagia Afrika Mashariki zilikuwa za aina ya Lister, iliyotengenezwa Dursley, Uingereza, na baadaye kuigwa sana India. Ile ya nguvu za farasi 6 huzunguka mara 650 kwa dakika, polepole, ndiyo maana mlio wake ni wa tuk, tuk, tuk. Kinu cha nyundo kinachopondaponda mahindi kinataka mbio zaidi, tuseme mizunguko 2,600. Fundi hufanya hesabu moja: 2,600 gawanya kwa 650 ni 4. Kwa hiyo puli ya injini iwe na kipenyo mara 4 ya puli ya kinu, kwa mfano inchi 20 kwa inchi 5, kisha apime kwa kamba urefu wa mkanda unaozunguka zote mbili.

Halafu umeme ukaja. Mradi wa serikali wa kuunganishia wananchi umeme, ulioanza mwaka 2015, ulifikisha nyaya hadi vijiji vingi vya magharibi, na wenye mashine wengi wakaiacha dizeli. Mota ya kawaida ya umeme huzunguka karibu mara 1,440 kwa dakika. Hesabu ikabadilika: 2,600 gawanya kwa 1,440 ni chini kidogo ya 2. Puli ya mota ikawa ndogo, mkanda ukawa mfupi, lakini kinu kikabaki kile kile na herufi ikabaki ile ile. Kitu cha 1930 na kitu cha 2015 vimeunganishwa na mkanda mmoja bila ugomvi. Ni programu gani mnayoijua inayoweza kujisifu hivyo?

Na utunzaji wake watu wanaujua. Kwanza, mkanda ukipiga kelele ya mluzi wakati wa kuwasha, umelegea, na dawa yake ni kusogeza injini au mota nyuma kwenye reli zake, si kupaka sabuni. Pili, puli zikipishana hata kidogo, mkanda hulika upande mmoja, kwa hiyo fundi hunyoosha uzi kutoka uso wa puli moja hadi nyingine kuona kama zote ziko sawa. Tatu, kama mashine ina mikanda mitatu na mmoja umekatika, unabadilisha yote mitatu. Mikanda ya zamani imekwisha kunyooka, na ukiweka mpya mmoja kati yao, huo mpya ndio utakaobeba mzigo wote peke yake mpaka nao ukatike. Nne, mkanda hauvalishwi kwa kuchokonolewa na bisibisi. Unalegeza, unavalisha kwa mkono, unakaza. Bisibisi hukata nyuzi za ndani, na ubaya wake huonekana baada ya wiki mbili.

Sasa tuje kwenye magari. Tarehe 30 Aprili 1948, katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, kampuni ya Rover ilionyesha gari la kwanza la Land Rover. Maurice Wilks aliliwaza kutokana na Jeep ya vita aliyokuwa akiitumia shambani kwake huko Wales. Bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Wengi wetu tunalikumbuka kama gari la D.C., la askari au la misheni, lakini wenyewe walilikusudia liwe chombo cha shamba. Mnunuzi aliweza kuagiza puli ya kufungwa nyuma, ikachukua nguvu ya injini moja kwa moja, kisha akalipa mkanda na kuendesha msumeno au mashine ya kupura ngano. Yaani lilikuwa gari, na likiegeshwa likawa injini ya posho mili.

Katika miaka ya 1970 Land Rover ziliunganishwa hapa hapa Kenya, Thika. Mbele ya injini zile za zamani kulikuwa na mkanda mmoja tu wa V, uliozungusha feni, pampu ya maji na dinamo kwa pamoja. Ukikatika, taa ya chaji inawaka na maji yanaanza kuchemka. Kuubadilisha kulihitaji spana na dakika chache: legeza bolti za dinamo, isukume kuelekea injini, toa wa zamani, pitisha mpya juu ya mapanga ya feni, vuta dinamo nje, kaza. Kisha bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukizama karibu sentimita 1, umepatia. Na njiani, mbali na duka, madereva wa zamani walijua kufunga soksi ndefu ya nailoni ya kike mahali pa mkanda na kutambaa nayo polepole mpaka sokoni. Ilikuwa dawa ya kukufikisha tu, lakini iliwezekana kwa sababu mkanda ule ulikuwa na kazi moja, na kazi hiyo ilionekana kwa macho.

Miaka 10 baadaye, mwaka 1958, katika mji ule ule wa Amsterdam, Waholanzi wa kampuni ya DAF walionyesha gari dogo lililoitwa DAF 600. Hub van Doorne alikuwa ameondoa gia zote za kubadilisha. Badala yake aliweka mikanda miwili ya raba ya V na puli zenye kuta zinazosogeleana na kuachana. Kuta za puli ya mbele zikisogeleana, mkanda husukumwa juu na puli huwa kama imekuwa kubwa. Za nyuma huachana, mkanda ukazama, puli ikawa kama ndogo. Uwiano unabadilika wenyewe bila hatua. Mtambo ule uliitwa Variomatic, na kioja chake ni kwamba gari liliweza kwenda kinyumenyume kwa kasi ile ile ya kwenda mbele. Jeshi la Uholanzi likatumia mtambo huo katika magari yake madogo ya DAF 66 YA katika miaka ya 1970.

Wazo hilo ndilo lililoingia kwenye vyombo vya njia mbaya. Bombardier wa Kanada alikuwa na mkanda katika chombo chake cha thelujini cha Ski-Doo tangu 1959. Mwaka 1985 kampuni ya Polaris ya Marekani ilitoa pikipiki yake ya kwanza ya magurudumu manne, yenye mkanda vilevile. Leo magari mengi madogo ya wazi ya kupita porini hutumia mkanda wa raba kama giaboksi.

Hapa ndipo herufi ilipopotea, na ni haki tuelewe kwa nini. Katika posho mili, mkanda hupeleka nguvu tu. Katika gari hili, mkanda *ni* gia. Upana wake ndio unaoamua utakaa juu kiasi gani ndani ya puli. Ukilika milimita moja au mbili, unazama, na gari halifikii tena mwendo wake wa juu. Pembe ya ubavu, urefu, ugumu wa raba, vyote vimepangwa pamoja na uzito wa klachi na nguvu ya springi. Kwa hiyo kila modeli ina mkanda wake, wenye namba ndefu ya kiwanda badala ya herufi. Mwanaprogramu ataitambua hali hii mara moja: vipande viwili vilivyokuwa vimetenganishwa na mpaka safi vimeshonwa kuwa kimoja. Vinafanya kazi vizuri zaidi pamoja, na kimoja kikifa, hakuna kingine cha kukibadilisha nacho.

Nimeona gharama yake nyumbani. Mradi mmoja, ambao jina lake halina haja hapa, ulileta gari la aina hiyo kusaidia kufikisha chanjo na dawa kwenye njia za vijijini, ambazo wakati wa masika huwa tope jekundu. Lilifanya kazi nzuri kweli. Siku moja likakwama, dereva akalazimisha, ikatoka harufu ya raba iliyoungua, na gari likabaki linanguruma pale pale. Injini nzima, magurudumu mazima. Mafundi walifungua kifuniko wakaona tatizo kwa dakika kumi. Mkanda wenyewe unaingia kwenye mfuko wa sokoni. Lakini haukuwapo Luanda, haukuwapo Kisumu, na Nairobi waliambiwa uagizwe ng'ambo. Masanduku ya chanjo yakarudi nyuma ya bodaboda. Na angalieni: hiyo bodaboda hutumia mnyororo wa 428, wenye hatua ya nusu inchi, unaouzwa kila soko. Pikipiki ya bei ndogo ilishinda si kwa nguvu bali kwa namba inayojulikana.

Kwa hiyo kama una gari la mkanda, au umekabidhiwa moja, yafuatayo yatakusaidia. Adui wa kwanza wa mkanda ni joto linaloletwa na kuteleza. Kwenye tope, kilima au mzigo, weka gia ya chini kabla ya kuingia, si baada ya kukwama. Ukivuka maji na mtambo ukaanza kuteleza, simama, weka gia huru, pandisha mwendo wa injini kidogo ili mkanda ukauke, na kama kesi ina kizibo cha kutolea maji kifungue. Pima upana wa mkanda kwa kalipa ukiwa mpya, uandike, kisha upime tena kila unapofanya sevisi na ulinganishe na kikomo kilicho kwenye kitabu cha gari. Mkanda wenye ubavu unaong'aa kama kioo, wenye nyufa kati ya meno au nyuzi zinazochungulia, umekwisha.

Ukibadilisha, zima injini na uiache ipoe. Fungua kifuniko, tanua puli ya nyuma kwa kifaa chake, toa mkanda. Kama ulikatika, okota kila kipande na kila uzi, hasa uliojizungusha kwenye mhimili, maana hizo nyuzi hula sili. Futa nyuso za puli zisibaki na mafuta wala raba iliyoganda, wala usiziguse kwa mikono yenye grisi. Angalia mshale au maandishi kwenye mkanda: yaelekee upande ule ule kama kitabu kinavyosema. Kisha endesha taratibu kwa saa za mwanzo, ukibadilisha mwendo, ili mkanda na puli vizoeane. Na mkanda wa akiba ukae ndani ya gari tangu siku ya kwanza, pamoja na kifaa cha kutanulia puli.

Neno moja kwa wenye magari ya kawaida. Mnaonunua magari yaliyotumika kutoka Japani, mengi kati yake, kama Nissan X-Trail za kuanzia 2007, yana mtambo wa jamaa huyu huyu, ila mkanda ni wa chuma. Ulitokana na kazi ya van Doorne yule yule, na Subaru Justy ya 1987 ilikuwa kati ya magari ya kwanza kuuzwa nao. Ni mamia ya vipande vyembamba vya chuma vilivyovalishwa kwenye pete, na hufanya kazi kwa kusukumana badala ya kuvutana. Huo hauubadilishi chini ya mwembe. Uhai wake ni mafuta yake maalumu, na fundi anayemimina mafuta ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida anauua polepole.

Sisemi turudi kwenye mkanda bapa wa ngozi. Variomatic ni akili kubwa, nami naiheshimu. Ninachosema ni kwamba chombo cha kazi hakinunuliwi kwa mbio zake peke yake. Kamati ya kanisa, chama cha akina mama, ofisi ya kaunti, yeyote anayeletewa gari la msaada au anayetaka kulinunua, aulize maswali matatu kabla ya kutia sahihi. Mkanda wake una herufi au una namba ya kiwanda kimoja tu? Duka la karibu lenye mkanda huo liko wapi, na linao leo? Na mikanda mingapi ya akiba inakuja pamoja na gari?

Muuzaji akijibu kwa takwimu za nguvu za farasi, rudieni swali la pili.